Kutoka Kiswahili hadi Kiswahili

Jumapili ile mhubiri alikuwa mgeni kutoka upande wa Kenya, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na Kiswahili cha kupigwa pasi. Mimi nilisimama kando yake na maiki yangu, jinsi nilivyosimama kando ya kila mhubiri mgeni kanisani kwetu Petta, upande wa Uganda, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Yeye anasema sentensi moja kwa Kiswahili, mimi naisema kwa Dhopadhola, lugha yetu, ili kina mama wazee wa benchi za mbele waelewe. Yeye tena, mimi tena, mpaka saa ya sadaka.

Akasema, "Ndugu zangu, imani ni mfano wa punje ya haradali."

Nikasema kwa sauti kubwa, "Ndugu yangu nyote, imani iko kama mbegu kidogo ya haradali."

Akanitazama. Akasema, "Punje hiyo ni ndogo kuliko mbegu zote."

Nikasema, "Hiyo mbegu iko ndogo kushinda mbegu yote."

Akasafisha koo, akajaribu nyingine, safari hii polepole, akichagua neno moja moja. Nikaipokea na hiyo, nikaipa nguvu zaidi. Tukaenda hivyo karibu robo saa, Kiswahili kwa Kiswahili, chake kikiwa sanifu na changu kikiwa cha mpakani. Kina mama wa mbele hawakuelewa chake wala changu, lakini waliitikia amina kila mahali panapostahili. Ibada ilipokwisha mhubiri alinivuta pembeni akaniuliza kwa unyenyekevu, "Mzee wangu, Kiswahili changu kina kasoro gani?" Sikujua anazungumzia nini. Nikamwambia hakina ubaya, aendelee tu kujitahidi.

Ni mke wangu aliyenifungua macho tukiwa njiani kurudi nyumbani. "Leo ulikuwa unatafsiri kwenda lugha gani?" aliuliza. Nikamjibu kwamba hilo si swali la kumuuliza mtu aliyetoka kufanya kazi ya Mungu. Akanieleza. Nilibisha mpaka tukafika kwenye mto mdogo, kisha nikaacha kubisha, kwa sababu nilijaribu kukumbuka neno hata moja la Dhopadhola nililolisema madhabahuni na sikulipata.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mzee wa kusahausahau. Ujana wangu wote niliutumia Busia mpakani, nikiwajazia madereva wa malori fomu zao, na nilikuwa nabeba kichwani lugha nne na namba za magari kumi bila kuandika popote. Ni pale nilipojifunza Kiswahili changu. Kama ngeli zimekaa vizuri katika maandishi haya, ujue kuna mtu ameyapitia kwa kalamu nyekundu, na mtu huyo atafika muda si mrefu.

Wa kulaumiwa ni sindano. Walinikuta na saratani ya tezi dume, na daktari wangu, binti mwenye umri wa kitinda mimba wangu, alinieleza mambo ya chini ya mkanda bila hata kupepesa. Alisema saratani hii inapikiwa chakula chake na homoni ya kiume, na sindano nitakayochomwa tumboni kila baada ya miezi mitatu itafunga jiko. Akanitajia yatakayonipata jiko likishafungwa: joto la ghafla, kunenepa, kifua kuuma, kuchoka, na yale ya chumbani kwenda likizo. Kama alitaja na kusahau, nimesahau.

Joto lilianza tukiwa mezani. Nilivua shati, nikavua na fulana, nikatoka nje na sahani yangu ya ugali, nikala nimesimama penye upepo. Mke wangu alinifuata mlangoni, akaniangalia kwa muda, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukalia.

"Karibu kwetu," alisema. "Miaka mitano ulikuwa unaniambia nafungua madirisha ovyo."

Akaniletea kipepeo chake cha ukili, kile alichokuwa anajipepea nacho enzi zake, akanikabidhi rasmi. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Kusahau ndiko kulikonitia hasira. Siku moja nilipanda pikipiki hadi Busia kuchukua suti yangu kwa fundi cherehani. Nikarudi na samaki kutoka Majanji, sangara mkubwa, mzuri, nikamtua jikoni nikijisifu. Suti niliikumbuka samaki akiwa tayari amekatwakatwa yuko kwenye sufuria.

"Harusini utavaa samaki?" mke wangu aliuliza.

Harusi ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lote. Binti yangu, huyo kitinda mimba, anauza vitambaa Busia, na alikuwa amepata mchumba Msamia wa upande wa Kenya, kijana wa watu, fundi umeme. Walikubaliana ndoa ifungwe kwetu Petta, lakini mchungaji atakayeifungisha atoke kwa bwana arusi, na huyo hana lugha yetu hata ya kuombea maji. Binti akaja nyumbani, akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akasema, "Baba, utatafsiri wewe. Sitaki mtu mwingine. Kama kuna lolote, niambie mapema."

"Lolote gani?" nilisema. "Nimewatafsiria maaskofu."

Nilisema kwa kiburi. Hakujua habari ya sindano. Aliyejua ni mama yake tu. Kwetu mwanamume hamwambii binti yake kuhusu tezi hiyo, na mbele ya wakwe ndiyo kabisa, ni afadhali ufunguliwe kesi ya wizi wa kuku. Tena nilijua umbea wa kwetu. Neno kwamba mzee fulani anachomwa sindano ya kuzima uume lingefika Tororo mjini kabla sijapata pikipiki ya kunipeleka. Kwa hiyo nilikaa kimya, na nilikuwa na miezi miwili ya kukirudisha kichwa changu mahali pake.

Mke wangu aliamua kunifundisha upya. Yeye alikuwa mchungaji, akichagua maharage huku akisoma utaratibu wa ndoa kutoka kitabu cha sala. Mimi nilikuwa mkalimani, na mwiko ulikuwa maiki. Tulianza vizuri. Kufika kwenye raha na shida, afya na maradhi, nikawa nimebaki na shida na maradhi tu. "Bwana arusi atakimbia," alisema mke wangu, akarudia. Nikafunga mafundo kwenye leso, kila fundo neno moja gumu, na siku ya pili nikawa na leso yenye mafundo saba nisiyojua hata moja ni la nini. Tukajaribu ishara. Akigusa kifua ni moyo, akigusa sikio ni kusikia, akifumba macho ni sala. Siku hiyo nzi walikuwa wengi, na nilitafsiri nzi wote.

Niliporudi kwa daktari kuchomwa sindano nyingine, nilimweleza kila kitu, hata habari ya nzi. Aliinama akijifanya anaandika, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Alipojikusanya aliniambia dawa inaweza kufanya hivyo, kwamba si wazimu na si uzee wa ghafla. Nitembee kila siku, nilale vya kutosha, nifanye jambo moja kwa wakati mmoja, niandike. Halafu akauliza nani anajua. Nikasema mke wangu.

"Na kazini unaposimama, anayekuwa karibu nawe ni nani?"

Nikamuuliza sindano ijayo ni lini. Anayekuwa karibu nami ni Madam.

Madam alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na sijawahi kumwona akikaa benchi nyingine isipokuwa ile iliyo nyuma yangu, hatua mbili kutoka kwenye maiki. Kila Jumapili baada ya ibada alinipa matokeo yangu. "Si mtu yetu, ni watu wetu. Si kitabu yake, ni kitabu chake." Nilikuwa nikimwambia kwamba mpakani mizigo hukaguliwa, kwa hiyo ngeli tuliziacha nyumbani. Hakucheka hata siku moja. Nilikuwa na uhakika kwamba anaimezea mate maiki yangu, na kwamba siku nitakayoanguka ataidaka kabla haijagusa sakafu. Nilimchukia vizuri tu, kwa miaka mingi, na chuki hiyo haikuniletea usumbufu wowote.

Nilikwenda kwake siku ya Jumanne. Nilimkuta barazani akimenya karanga. Akanipa kiti na sinia la karanga, nami nikaanza kumenya ili nisimtazame. Nikazunguka sana. Nikasema umri ni umri. Nikasema kuna mitambo ya mwili, mingine iko juu, mingine iko chini, na ile ya chini ikiharibika wakati mwingine ile ya juu nayo inapata hitilafu ya umeme.

"Tezi dume," alisema Madam, kwa sauti ya mwalimu anayetaja neno la imla.

Karanga zilinidondoka. Aliendelea kumenya zake. Akaniambia alianza kushuku siku ile ya haradali, aliponiona nimelowa jasho wakati wengine wamejifunika shuka. Kisha akasema habari ya marehemu mumewe, ambayo sikuwa naijua. Aliuficha ugonjwa huo huo mpaka ukamlaza. "Mimi mkewe niliambiwa na daktari," alisema. "Yeye hakuwahi kunitamkia. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja." Hakulia. Alipuliza maganda ya karanga kwenye sinia, akaniuliza harusi ni lini.

Nilijisikia mjinga, na niliona aibu kweli. Miaka yote ile nilidhani mwanamke huyu anangoja niaibike.

Tukapanga. Siku ya harusi atakaa mahali pake pa kila siku. Nikianza kutafsiri kwenda lugha isiyotakiwa, atakohoa mara moja. Nikikwama kwenye neno, nitaweka mkono mgongoni, naye ataninong'oneza. "Maiki sitaigusa," alisema, "mpaka uniombe mwenyewe." Nikamshukuru. Akasema ni sawa, lakini mbele ya wageni nijitahidi kusema watu wetu.

Siku ikafika. Suti nilikuwa nimeichukua mwenyewe, mke wangu akiwa amenishika mkono hadi kwa fundi. Nilimwingiza binti yangu kanisani nimeshika kiwiko chake, akiwa mzuri kiasi kwamba nilisahau kuhesabu hatua, tukafika mbele kabla kwaya haijamaliza ubeti wa kwanza. Nikamwacha karibu na mwanamume wake, nikapanda ngazi mbili, nikachukua maiki yangu. Mchungaji wa wakwe alikuwa mtu mfupi mwenye tabasamu, na Mungu ambariki, sentensi zake zilikuwa fupi kama yeye.

Mahubiri yalianza vizuri. Nilikuwa natiririka. Madam nyuma kimya. Halafu nikasikia kikohozi kimoja, nikajua nimeteleza, nikahamia Kiswahili. Kikohozi tena. Nikarudi Dhopadhola. Kikohozi. Nikahamia Kiswahili. Nilikuwa navuka mpaka kwenda na kurudi bila hata kugongewa muhuri, shati limenata mgongoni, na mke wangu benchi ya mbele anasimama nusu kunipepea kwa kile kipepeo. Wakwe waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Baadaye walituambia walidhani ni mila yetu, kwamba kwenye harusi kila neno lisemwe mara mbili.

Hatimaye niligeuka kumwangalia Madam. Alikuwa ananionyesha kwa kidole upande wa wageni. Baba mdogo wa bwana arusi alikuwa na kifua, maskini, vumbi la njiani lilikuwa limemwingia. Madam alifungua mkoba, akatoa peremende, ikapitishwa mkono kwa mkono benchi hadi benchi mpaka ikamfikia. Mzee akaitia mdomoni. Kanisa likatulia, nami nikamaliza mahubiri katika lugha moja.

Nilianza kuamini kwamba imewezekana. Tukaingia kwenye ndoa yenyewe. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, nikatafsiri, hakuna aliyesema kitu. Akafungua ukurasa mwingine, akapandisha sauti, akasema, "Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe?"

Nikatafsiri. Nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kutafsiri sentensi vizuri kuliko ile. Maneno yalipangana yenyewe, na sauti ilifika hadi kwa wale waliosimama nje madirishani. Kisha nikashusha maiki nikangoja jibu.

Hakuna aliyejibu.

Mchungaji alinitazama akitabasamu. Nikamtabasamia. Nikafikiri labda hawakusikia, nikarudia, kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikapitisha macho kwenye benchi nikimtafuta huyo mtu, na hasira ikaanza kunipanda. Baba gani huyu? Watu wamesafiri, wamechinja, mchungaji wa watu amesimama pale na kitabu mkononi, na yeye ameshindwa kufungua mdomo siku ya mtoto wake. Mke wangu alikuwa anajigonga kifua kisha ananinyooshea kidole, anajigonga, ananyoosha. Kifua ni moyo. Nikainua maiki nikaongeza, "Ni nani anayemtoa binti huyu, kwa moyo wake wote?"

Hapo kina mama wa mbele wakaanza kucheka, kwanza kwenye leso zao, halafu waziwazi. Binti yangu akageuka. Alikifunua kitambaa cha uso kwa mikono yake mwenyewe, na hicho si kitu ambacho bibi arusi hufanya wakati ule. Akasema kwa lugha yetu, polepole, "Baba, ni wewe."

Alivyonitazama, nilijua kwamba anajua. Mama yake alikuwa amemwambia yote wiki mbili kabla, sindano na samaki na mafundo ya leso, na kumshauri atafute mkalimani mwingine. Alikataa. Alisema kama baba yake atakosea, na akosee hapo, mbele yake.

Nikainua maiki. Nikamjibu mchungaji kwa Kiswahili, "Ni mimi."

Wakwe wakapiga makofi. Kilichobaki kilikuwa kujitafsiri mwenyewe kwa ajili ya watu wetu, na kwa Dhopadhola jibu hilo ni neno moja fupi ambalo hata mtoto wa kutambaa analo. Nilifungua mdomo likakaa. Madam akanyanyuka nusu nyuma yangu, akaninong'oneza lile neno. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalikumbuka vizuri kabisa, na nilikuwa nakumbuka kila kitu siku ile, siku aliyozaliwa binti yangu, na jinsi alivyokuwa anakaa kwenye ngazi hizi hizi mbili akinisikiliza huku akila kucha. Nilijua tu kwamba nikishalitoa atavuka mpaka jioni hiyo na mwanamume wake, na nyumba yetu itabaki na watu wawili. Kanisa zima liliningoja, na yeye aliningoja, kitambaa kikiwa bado mkononi.

Nikalitoa.